Nyumba Iliyozama Kwenye Ramani

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda hiki, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Sagesse, zima hiyo televisheni, hata ukiipunguza inanisemesha. Aganze, kaa kwenye kiti cha mama yako, wewe ndiye mkubwa. Orpha, achana na sufuria, maharage yataiva yenyewe au yataungua, hakuna atakayekufa kwa ajili hiyo isipokuwa mimi, ambaye nimeshaanza. Na wewe Gaston, mdogo wangu, usisimame hapo kizingitini kama mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Ingia ukae. Ni mimi niliyetuma uitwe, na ni mimi niliyekufukuza, basi leo mwenye nyumba amebadili neno lake.

Kabla sijasema lolote, mkumbuke desturi ya ukoo wetu. Mzee akitoa neno la mwisho, mzee mwingine wa damu yake husimama akalirudia kwa sauti mbele ya watoto, na hapo ndipo neno linafunga au linafungua. Lisiporudiwa ni maneno ya homa, mtu huyasikia akayasahau. Kule kwetu wazee wangejaa chumba, mngechoka kuwapa viti. Hapa Birmingham mzee wa damu yangu ni mmoja tu, naye ni huyu Gaston ambaye sijasema naye tangu mama yenu akiwa hai.

Nyumba hii mnajua nilivyoipata. Nilitoka Goma kabla ya vita kubwa, nikaponda vyuma kwenye karakana moja kule Digbeth mpaka masikio yakafa, na mama yenu Marie-Claire akasugua ofisi za watu wasiomjua jina. Tulipofungua mlango huu wa Stechford mara ya kwanza, ndani hamna hata kijiko, mama yenu aliweka kiganja ukutani akasema, "Albert, hapa watoto hawakimbii tena." Akatoka nyuma akaangalia bustani inavyoteremka hadi mto Cole, kamto kembamba ambako watoto wa jirani walikuwa wanavua viatu vilivyotupwa, akacheka. Sisi tuliotoka penye mlima wa moto na ziwa lisilo na mwisho, tungeogopaje kamto kama kale?

Nilipozeeka, benki iliyotukopesha pesa za nyumba haikutaka tena jina langu peke yake, ikataka la kijana, na Orpha akatia sahihi, kwa sababu Orpha hajui kusema hapana. Mpango wetu ulikuwa mzuri. Nyumba iuzwe, mkopo ufutwe, mimi nihamie kwa Aganze kule Handsworth nikasinzie, na Orpha amfuate mumewe Djo huko Lille, Ufaransa, alikopata kazi. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, wanangu, na ndilo lililonila. Mipango ni ya mtu, na majaliwa ni ya Mungu, ila safari hii hata Mungu sijui kama aliulizwa.

Sasa nisikilizeni kuhusu baba yenu mdogo, maana mmesikia ubaya wake tu, na mmeusikia kwangu.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ulipopasuka, mimi nilikuwa hapa nikiangalia Goma ikiungua kwenye hiyo televisheni, na Gaston alikuwa kule, ndani ya nyumba niliyoijenga mimi. Moto uliteremka kama uji ukamwagika juu ya mtaa mzima, na ulipopoa hapakuwa na njia wala ua wala mlango, ni mawe meusi tu toka huku hadi kule. Watu wakarudi kutafuta parseli zao, viwanja vya nyumba zao, wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado yanachoma soli za viatu, na kila mmoja akadai kwamba hapa ndipo kwake, mpaka mapanga yakatoka. Basi Gaston akapanda juu ya mawe yale, akaangalia mlima, akaangalia ukuta wa kanisa uliobaki umesimama, akaanza kusema. Hapa ni mlango wa Henriette muuza samaki. Hapa ni choo cha mwalimu. Hapa ni ukuta wa kaka yangu Albert, tembea kidogo, hapo ndipo unapoishia. Alisema hivyo nyumba kwa nyumba, sauti ikamkauka, na watu wakaweka mapanga chini kwa sababu walijua hasemi uongo. Parseli yangu ilirudi kwa mdomo wake. Hapakuwa na karatasi, karatasi zote ziliungua.

Na jambo la pili alilojifunza kule ni hili. Walipokuja watu wa misaada wakiuliza nani amepoteza nini, aliyesema kwa adabu "tunashukuru tumepona" alipewa pole, na aliyesema "tumekwisha" alipewa shitingi, turubai la plastiki la kujifunika, maharage na sufuria. Kwa hiyo watu wa Goma walijua kwamba mtu mwenye kalamu akikuuliza shida yako, usimpe nusu.

Gaston akaja hapa akiwa na akili hiyo, na hakuna aliyemwambia aivue. Ikafika siku ya mkutano ule wa habari za mafuriko, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Stechford, chai na biskuti mezani, na pembeni ramani kubwa ya mto na mitaa yetu, na mama mmoja wa kaunseli, serikali ya mji, mwenye kalamu za rangi, mpole, anatabasamu. Mlangoni jirani yetu Kulwant alinishika mkono akaniambia, "Albert, leo tunakunywa chai tu, halafu tunarudi nyumbani." Nilidhani ana haraka, kumbe alikuwa ananionya. Yule mama akauliza, je, kuna mtu ambaye maji yamewahi kumwingilia ndani? Wenye nyumba wote wakawa wanatazama vikombe vyao kama wanasoma kitu humo. Ndipo Gaston akasimama.

Wanangu, ukweli mnaujua. Maji ya Cole yalipanda mara moja tu, yakafika bustani ya Kulwant, yakala vitunguu vyake, yakageuza yakaenda zao. Zulia halijalowa. Lakini Gaston aliona ramani, akaona mtu mwenye kalamu, akawa yuko juu ya mawe ya Goma. Akaenda pale mezani akaweka kidole. Maji yaliingia hapa, na hapa kwa Bwana Kulwant, na hapa kwa kaka yangu, mpaka magotini, magodoro yalielea, watoto walilia. Alidhani watatujengea ukuta. Alidhani anatuombea. Na yule mama akamshukuru sana, akapaka buluu, rangi ya mafuriko, nyumba kwa nyumba, kila kidole kilipopita kalamu ikafuata. Kulwant aliweka kikombe chake chini akaondoka bila kuniaga, na kwa miaka yote tuliyopakana hajawahi kuondoka bila kuniaga.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba unaweza kuponza mtaa.

Kaunseli ikaipitisha ramani ile. Mara ya kwanza hatukuhisi chochote, mto uko palepale, mabasi yanapita, mvua inanyesha kama kawaida yake. Kisha kampuni ya bima ikasema haitutaki, na ya pili ikasema vivyo hivyo, na ya tatu haikujibu. Mnunuzi wa kwanza, Narinder na mkewe, walikuwa wameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia, wakarudi wametazama chini, benki yao imekataa kukopesha nyumba ya buluu. Wa pili hakuingia hata ndani, aliiona kwenye kompyuta akiwa kwake. Miguu yangu ilipogoma, Aganze akaomba kuniongezea chumba huko nyuma, akajibiwa kwamba katika eneo hilo hairuhusiwi kujenga chumba cha kulala cha chini, ni hatari. Ndiyo maana mnaniona nafia sebuleni, mahali ambapo kwa sheria yao mtu hapaswi hata kusinzia. Na Kulwant, aliyetaka kuuza aende Leicester kwa binti yake, bado yuko pale ng'ambo ya uzio, na mboga zake za majani alizokuwa anampa mama yenu hazijavuka uzio tena.

Nyumba haijawahi kuingia maji, wanangu. Imezama kwenye karatasi, na iliyozama hapo hakuna wa kuikausha.

Na oneni kichekesho cha dunia, kuishi kwingi ni kuona mengi. Parseli ya Goma, iliyolala chini ya mawe ya moto, iliyochorwa na wataalamu wa mlima kwa rangi nyekundu kwamba asijenge mtu, ile inagombewa. Watu wamepasua mawe yaleyale wamejengea kuta, na kila mwezi mtu anapiga simu anataka kuinunua. Hii yenye bomba la maji ya moto na bustani ya mawaridi, hata bure hakuna anayeitaka.

Niliandika kaunseli kuuliza, Sagesse ndiye aliyeniandikia. Wakajibu kwamba ramani ilichorwa na mashine, kwa kupima kimo cha ardhi, na kwamba maneno ya wakazi "huenda yalichangia". Huenda. Nimelala na neno hilo miezi mingi, siwezi kulimeza wala kulitema. Huenda nimemchukia ndugu yangu kwa kosa la mashine. Huenda sikumwonea. Hakuna atakayeniambia, na nakufa sijui.

Ila najua nilichomtendea. Nilimwambia mbele ya waumini, baada ya ibada, watu wakiwa wameshika sahani zao, kwamba akifungua mdomo tena akaufungulie mbali na watoto wangu. Wameniambia tangu siku ile hata kanisani haombi kwa sauti. Gaston, sikusema neno hilo kwa mzaha na siwezi kulisingizia uzee. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyofunzwa, na sisi hata shamba la kulima hatuna.

Nipe maji, Sagesse. Kidogo tu. Asante mama.

Sasa mgawo, nao ni mfupi. Parseli ya Goma ni ya Gaston, kwa sababu ilikuwa mawe naye akaifanya parseli. Aganze, koti langu zito na Biblia ya babu yako ni vyako, na kaburi la mama yenu kule Yardley ni kazi yako, nami mtanilaza kando yake, palipo na mwinuko, nimeshapaangalia. Sagesse, chukua vyombo vya mama yako, na ujifunze kunijibu kwa Kiswahili hata kama sitakuwepo kusikia. Kwa Kulwant aende Aganze mwenyewe, avue viatu, amwambie Albert aliomba radhi kwa ajili ya mtaa. Asipofungua mlango, rudi kesho yake.

Imebaki nyumba, na imebaki Orpha.

Mwanangu, najua kinachokushika hapa. Siyo benki peke yake. Kwetu nyumba aliyofia baba haiachwi ikapoa, mtoto aliyekuwa akiishi humo hukaa humo awashe moto, mpaka afunguliwe kwa neno. Ulinisikia nikilisema hilo tangu ukiwa mtoto, na wewe ni mtu wa kushika maneno. Basi nalisema sasa: nyumba hii siyo yako kuilinda. Iache ipoe. Nikishazikwa, chukua mtoto wako, funga mlango, wapelekee benki ufunguo wao waje walale humu na ramani yao, kisha panda basi la Ufaransa pale Digbeth uende kwa mumeo. Najua, Aganze, usinitikisie kichwa, najua benki itamfuata na deni litavuka bahari nyuma yake. Sina jibu la hilo. Nimelitafuta usiku na mchana, sina. La kuvunda halina ubani. Lakini heri afuatwe na deni akiwa kwa mumewe kuliko azeeke humu akilinda kuta zisizotakiwa na mtu.

Unasema nini? Sema kwa nguvu, masikio yangu ni ya karakana.

Umeshamwambia Djo asikungoje. Lini? Basi. Basi, usilie. Mimi nilimwahidi mama yako kwamba hapa hamtakimbia tena, na sasa nakuomba ukimbie nawe hutaki. Mpigie, Orpha. Mwambie baba yangu amenifungua. Atakuuliza nani shahidi, yule mtu wa kwetu, anajua desturi, atauliza.

Pumzi inaniacha. Njooni niwaguse vichwa. Aganze, Mungu akupe moyo wa kubeba wenzako bila kuwahesabia. Sagesse, akupe pa kukaa pasipo na rangi ya mtu yeyote. Orpha, akuondoe hapa. Akuondoe, mwanangu. Sina baraka nyingine kwako, yote nimeitia humo.

Gaston, zamu yako. Simama, ndugu yangu. Lirudie. Siyo yote, hilo la Orpha tu, kwamba amefunguliwa. Sema kama ulivyosema juu ya mawe, hapa ni mlango, hapa ni ukuta, hapa Orpha hana kifungo. Wanangu watakuamini, watu huwa wanakuamini.

Nimekuruhusu. Mbele yao wote nimekuruhusu.

Nasikia sufuria ya Orpha, inaungua. Nasikia mtu analia. Wewe sikusikii. Sogea basi, labda ni masikio yangu. Gaston. Neno moja tu, mdogo wangu. Mbona husemi?