Kwa Nini Mke wa Wembe Hashuki Hapa

Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililong'olewa kwenye chumba cha abiria na kuburutwa nje, likitazamana na jukwaa la treni. Jioni ile kahawa ilikuwa ya moto, lakini Wembe, kinyozi wa mtaa, alikuwa wa moto zaidi. Treni ilikuwa imesimama, abiria wameshuka, mkewe hayumo. Wiki ya pili hii mama watoto anapitiliza hadi kituo kinachofuata, kile kipya, halafu anarudi kwa miguu na kuingia ndani anaimba. Huko kuimba ndiko kulikomkata maini Wembe.

— Leo tena hakushuka! Kuna mtu kule, nawaambia.

— Kule kuna nini? alidakia Injini, mzee aliyestaafu kazi ya breki. Kituo ni hiki! Reli ilifika kwanza, nyumba zikaifuata. Treni ya haraka ilikuwa ikisimama hapa, mkuu wa kituo anatoka na kofia yake, anapiga kengele. Kule kwao kulikuwa kichaka cha mbuzi!

— Na sasa treni ya haraka inasimama kichakani, sisi inatupigia honi tu, alisema Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje. Mimi namshuku yule mkagua tiketi wa kule. Anavaa glavu nyeupe.

— Za nini?

— Ndiyo ujiulize! Mwanamume anayeficha vidole anaficha pete.

Akilini Wembe alimwona mkewe akimpa tiketi mwenye glavu, akicheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Wivu ukampanda hadi masikioni.

— Ana gari huyo?

— Gari la nini, ana treni nzima! alisema Injini. Huu ni mpango, bwana. Walianza na treni ya haraka, wakachukua dirisha la tiketi, sasa wamefika kwa wake zetu.

— Tena kule kuna kipaza sauti, alisema Bosi, muuza kahawa, huku akimimina. Sauti nzitooo: "Karibuni, abiria wapendwa." Mwanamke akiitwa mpendwa kila jioni, unategemea nini?

— Mpendwa! Wembe aliruka kutoka kwenye benchi. Hata mimi sijamwita hivyo tangu harusi! Basi leo akirudi atakuta nguo zake nje. Aende kwao!

— Hapo umenena! wakaitikia wote.

Mara akaja mama mmoja mgeni, begi begani, anatembea mbiombio kutoka jukwaani.

— Samahanini, kaka zangu. Choo cha wanawake kiko wapi?

Injini, anayejua hata nani alipiga kengele ya kwanza, alichungulia kikombe chake. Wakili akakohoa. Bosi akafunika kwa kiganja ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni. Choo kipo, pale mwisho wa jukwaa. Ndimo kijiwe kinamohifadhi mkaa wa kahawa. Na aliyetoa wazo hilo wiki mbili zilizopita, akabeba magunia mwenyewe mgongoni, ni Wembe.

— Jamani, natoka mjini, treni nzima haina choo. Kwani wanawake wa hapa huwa wanakwenda wapi?

Wembe alitazama reli inakoelekea kituo kipya, kisha akanyoosha mkono.

— Bosi, lete ufunguo.

— Na mkaa tuupeleke wapi?

Wembe alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati, anakimbilia mwisho wa jukwaa.