Kinda Atoke, Roscoe Aingie

Wazee wa benchi hili hawafui kitu. Wanakaa ndani ya nyumba ya mashine za kufulia, kona ya Barabara ya Superior, Cleveland, kwa sababu Februari nje hapakaliki na mashine za kukaushia zinatoa joto la bure. Mwenye nyumba kawafukuza mpaka kachoka mwenyewe. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya timu za kikapu kubadilishana wachezaji. Ikifika saa tisa alasiri, mlango wa kubadilishana umefungwa. Shemasi Tolliver alikuja mapema na chupa yake ya kahawa na mjukuu wake Jarvis, ambaye benchi zima linamwita Kinda. Tolliver ndiye aliyempa jina hilo la Jarvis, na ndiye aliyemlea tangu yuko kwenye nepi. Lakini siku hizi roho ya mzee iko kwa Roscoe, bingwa wa maneno wa benchi hili, waliyemzika Novemba. Tangu hapo kahawa haina ladha, na Kinda kazi yake ni kusikiliza na kucheka tu.

— Pruitt ana miaka ishirini, — alisema Kalkuleta, karani mstaafu wa bima. — Anaruka kama kakanyaga pasi ya moto. Unamtoaje huyo umchukue Delacroix, mtu mwenye mvi za ndevu?

— Delacroix ana pete mbili za ubingwa! — Shemasi akaruka. — Pruitt ana nini? Ana kesho. Kesho hailiki, bwana. Mimi nataka kushinda kabla sijafa.

— Polepole ndio mwendo, Shemasi. Ndiyo maana mimi nampenda anayekimbia.

— Methali hiyo umeiokota wapi, jalalani?

Kinda akainua kichwa.

— Babu, kwani mchezaji huwa anaulizwa kwanza?

— Aulizwe nini? Anaambiwa apande ndege.

Kinda akacheka, akaweka kikombe chake kwenye benchi.

— Basi naenda dukani kwa Mwarabu kununua maziwa. Kikombe changu msikiguse.

— Nenda. Humu ni wewe tu unayekunywa na maziwa, kama mtoto.

Kijana akatoka, theluji ikammeza. Hapo ndipo Magoti aliposogea. Zamani alicheza ligi ya kulipwa miezi miwili, na kuinuka kwake mpaka ashikwe mkono.

— Mimi niliuzwa, — alisema. — Walinibadilisha na mzee mmoja mwenye jina. Nilikuwa napiga pasi shati, na aliyeniletea habari ni mfua soksi. Nikafika kule, nikapewa kabati la yule mzee. Ndani lina joto. Joto, nawaambia! Msimu haujaisha, magoti yakawa haya. Na yule mzee huko kwetu akaanza kuruka upya.

— Ulikuwa mnene tu, Magoti, — alisema Shemasi.

— Cheka. Watu hawabadilishani watu. Wanabadilishana miaka. Kijana anaivua, mzee anaivaa.

Wakacheka, ingawa Kalkuleta alicheka kwa kuchelewa. Akatoa simu yake. Mle kuna mchezo wa kupima biashara: unaandika jina la anayetoka na anayeingia, nao unakuambia imekubalika au la. Tangu auweke, kioo kimemtolea wekundu wa kukataa tu.

— Tujaribu benchi letu. Anatoka nani?

— Kinda, — alisema Magoti. — Hajui hata hadithi moja.

— We! Mjukuu wangu huyo!

— Asiyekuwepo na lake halipo, Shemasi. Haya, anaingia nani?

Tolliver hakufikiri hata kidogo.

— Roscoe.

Benchi likaangua kicheko.

— Unauliza miaka iliyobaki kwenye mkataba, — alisema Kalkuleta. — Kinda?

— Weka hamsini, — alisema Shemasi. — Bado mbichi.

— Roscoe?

— Weka sifuri. Mkataba wake niliubeba begani mwenyewe mpaka makaburini.

— Sasa mwenye mchezaji akubali. Bonyeza wewe, kijana ni wako.

Tolliver akabonyeza, kwa utani. Saa ya ukutani ilikuwa tisa kamili. Kioo kikawa kijani.

— Imekubali, — alisema Kalkuleta, naye hakucheka. — Haijawahi kukubali.

Mashine za kukaushia zikanyamaza zote kwa pamoja. Tolliver akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara Mwarabu alikuwa amesimama mlangoni kwake na pakiti ya maziwa mkononi, anatazama kulia, anatazama kushoto. Barabarani hapakuwa na mtu.

Mlango ukafunguka.

— Mgeni njoo, mwenyeji... — alianza Magoti kama kawaida yake. Hakumalizia.

Ilikuwa kofia ile ya kahawia, na kikohozi kile. Koti halikuwa na chembe ya theluji. Roscoe akaketi pale alipokuwa ameketi Kinda, akachukua kikombe, akapiga funda.

— Bado ya moto, — alisema. — Mbona mmenuna, kafa nani? Haya niambieni, maana mimi si mtu wa bei rahisi. Mmemtoa nani?

Kalkuleta akamtazama Magoti. Magoti akamtazama Shemasi. Shemasi Tolliver akafungua mdomo alitaje jina lile, jina alilolichagua mwenyewe siku ya ubatizo. Akalitafuta. Hakulikuta. Akatafuta hata lile la utani la benchi, nalo halipo. Machozi yakaanza kumtoka, na hakujua anamlilia nani.

— Kuna mtu, — alisema kwa shida, — kaenda kununua maziwa.

— Maziwa ya nani? — Roscoe akashangaa. — Humu si sote tunakunywa chungu?