Misumari ya Kapteni Thorndike

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kapteni Eleazar Thorndike, mwana wa mji wetu huu wa Pellow, hapa Massachusetts. Jiwe la kaburi lake pale juu ya gati mnalijua. Limeandikwa: Hakushusha bendera. Shikeni maneno hayo. Hakushusha bendera.

Aliingia jeshi la majini la Marekani likiwa bado changa, merikebu zenyewe za kuhesabu. Mwaka 1799 Wafaransa walimzidi nguvu, akashusha bendera, akasalimu amri. Watu wake wote walirudi wazima. Mnadhani alishukuriwa? Wanawake waliokuwa wakianika samaki walimpigia kelele: "Kapteni, na suruali umeshusha?" Hata waliorudishiwa waume zao walicheka. Mji wetu una ulimi, jamani.

Maneno yale yalimkaa rohoni miaka kumi na minne. Mwaka 1813, alipokutana na Waingereza, aliamuru bendera ipigiliwe misumari kwenye mlingoti. Misumari, si kamba.

Saa moja baadaye mizinga yake yote ilikuwa imenyamaza. Akapaza sauti: "Shusheni!" Haikushuka. Na adui akiona bendera iko juu, yeye hupiga tu. Shemeji yake, Asahel Pitman, akapanda na koleo. Aling'oa misumari mitatu. Risasi ikampata kabla ya wa nne. Mwingine akapanda, akamaliza kazi. Katika muda ule wa kung'oa misumari walikufa watu tisa. Narudia, watu tisa.

Alipotoka kifungoni kwa Waingereza, mji, uliosikia habari za misumari tu, ulimpokea kwa ngoma. "Jamani, mimi nilitaka kushusha," alisema. "Acha unyenyekevu, Kapteni!" wakamjibu, wakamjazia glasi. Mkewe, Tamsin, hakucheka. Barua yake ipo: "Mdogo wangu amekufa aking'oa msumari wako, mume wangu, nawe unapigiwa makofi."

Hakupanda merikebu tena. Alipokuwa anakata roho aliomba kaburi lake lisiandikwe sifa yoyote. Tukaandika.

Juzi Lydia, wa uzao wake, alinipigia simu. "Ndugu yangu, babu msimsifu. Wakumbukeni wale tisa." Miaka thelathini nimevua kofia mbele ya jiwe lile. Naona aibu.

Basi pole zetu, zilizochelewa miaka mia mbili, ziwafikie jamaa wa Kapteni, jamaa wa Asahel, na jamaa wa wenzake wanane. Nawe unayenisikiliza, kabla hujamcheka mtu aliyesalimu amri, jiulize: nani atapanda kung'oa misumari?