Kisilu na Samaki Mliyemwita Nyoka

Mchungaji, familia, na nyinyi wengine mlioanza kunusa sufuria kabla ya kumwangalia marehemu, mimi ni Mutunga, ndugu ya mjane, nimepewa karatasi hii kwa sababu sauti yangu inafika soko la Migwani bila kipaza sauti, na ingawa niliachia shule darasa la tano, kwa kusoma hakuna fomu foo wenu atakayenishinda.

Marehemu Kisilu Ndululu alizaliwa hapa Migwani mwaka wa 1932, mtoto wa tatu wa mzee Ndululu na mama Kalunde, akasoma shule ya misheni kutoka 1941 hadi 1945, akatolewa kuchunga mbuzi, na mwaka wa 1953 akaandikwa kazi ya reli pale Emali, ambako mkubwa wake, mtu wa kuvua mto Athi kila Jumamosi, alimfundisha kurusha mshipi, si kwa njaa bali kwa starehe, jambo ambalo vichwa vyenu havijalimeza mpaka leo.

Alimwoa dada yangu Mumbua kanisani tarehe 14 Agosti 1959, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa na wote wanakula samaki.

Mwaka wa 1970 aliacha kazi, na Machi 1971 akaleta kutoka Athi kambare wadogo kumi na wawili ndani ya debe la maji, akawatia kwenye silanga yetu, bwawa la kijiji, na shemasi mmoja, yuko hapa, ameinamia viatu vyake, akasema, "Kisilu, umetuletea nyoka, sasa tuletee na mganga wa kuumwa." Kambare, kwa faida yenu msiojua kitu, hana magamba, ana masharubu manane ya kupapasia chakula kwenye maji machafu, anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, na silanga ikikauka anajizika kwenye tope bichi akingoja mvua, na hayo yote marehemu aliwaambia, mkamwita mwongo.

Novemba 1982, kumbikumbi wakiruka, alitia kumbikumbi kwenye ndoano, kambare wa urefu wa mtoto wa darasa la pili akamvuta mpaka maji ya kiuno, akakata mshipi, akaenda na ndoano mdomoni, nanyi mkasema, "Samaki wa Kisilu hunenepa akishatoroka."

Ikaja njaa ya 1984, silanga ikakauka, tukaenda mwethya, kazi ya pamoja, kijiji kizima na majembe, kuchimba tope, na marehemu akatusihi tuende polepole kwenye kona ya ukuta, akisema, "Jamani, yuko hapo, mkimpata wapikieni watoto," tukacheka mpaka majembe yakatuanguka. Halafu tope likatikisika, kikatokea kichwa cheusi chenye masharubu, akina mama wakapiga nduru, "Nyoka!", mwanamume mmoja akakipiga jembe mara tatu, tukamwagia mafuta ya taa, tukachoma, na watoto wetu jioni hiyo wakalalia chai kavu.

Mwanamume huyo mnamjua, maana tangu siku ile mnamwita Muua Joka, na nimekula mbuzi wa watu wengi kwa kuwahadithia joka hilo, ambalo kila mwaka nililiongeza futi moja.

Ugonjwa wa sukari ulimpata marehemu mwaka wa 1989, na tarehe 6 Machi 1994, hospitalini Kitui, aliniita kitandani, akafungua kitambaa, akanipa ndoano hii, aliyoiokota kwenye majivu siku ile, akacheka, akasema, "Shemeji, miaka kumi sijakuharibia hadithi yako, lakini usikubali nizikwe mwongo." Alituacha tarehe 9 Machi, saa kumi na moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, na wenzake wa reli waliotoka Emali kwa nauli yao, na majirani, tunawashukuru kwa viti.

Sasa ndoano hii itapita mkono kwa mkono, ianzie kwa shemasi, anayetaka kucheka acheke akiwa ameishika, na jina la Muua Joka mlifukie hapa pamoja na udongo, kwa maana nilichoua ni chakula cha watoto wenu na fahari ya mume wa dada yangu.

Pumzika kwa amani, shemeji, alikuwa samaki.