Mgongo wa Shemeji Yangu

Wababa na wamama, nashukuru kanisa kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Sitataja majina. Wengine mtamjua tu ninayemsema, maana ameketi humu pamoja nasi.

Mimi ni mvuvi wa hapa kwenye maporomoko. Kazi yetu mnaijua: tunasimamisha miti katikati ya mawe, tunafunga mitego kwa kamba za msituni. Naifanya pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Siku moja maji yalikuwa yamepanda na mtego mmoja ulitaka kuchukuliwa nayo.

"Uache ile," shemeji akaniambia. "Maji iko na nguvu sana."

"Kidogo tu," nikajibu, nikashuka. Mguu uliteleza ukaingia kati ya mawe mawili, mwili ukaenda upande mwingine. Nilisikia kifundo kikilia.

Shemeji akaingia majini. Alisukuma jiwe kwa mgongo mpaka mguu ukatoka, kisha akanibeba juu ya mawe yale yenye utelezi hadi barabarani, tukapata toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, nikapakiwa kwenda hospitali. Nilimwona ameshika kiuno. Nikamwuliza. Akasema si kitu.

Mfupa wa kifundo ulikuwa umepasuka. Walinifunga plâtre, kile kitambaa kinachokauka kikawa kama jiwe, nikakaa nyumbani. Shemeji akafanya kazi yake na yangu. Jioni dada yangu alikuwa ananiletea samaki na kwanga, ule mhogo wa kufungwa kwenye majani, nami nilikula bila kuuliza kitu. Halafu siku moja akaja mikono mitupu.

"Bwana yangu anashindwa kuamka," akasema. "Mugongo imemushika."

Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Bon, plâtre ikatolewa. Mguu ulikuwa mwembamba, umekakamaa kama ubao. Wakanituma kwa mama mmoja wa kine, yaani mtu anayerudishia viungo nguvu kwa mazoezi. Alinifundisha kuzungusha kifundo polepole, kuvuta kitambaa kwa vidole vya mguu, kushika ukuta na kuinua visigino, kisha kusimama kwa mguu mmoja. Ukitazama unaona mchezo wa watoto. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka jasho. Lakini mguu ukaanza kunitii.

Na kadiri mguu ulivyopona, ndivyo moyo ulivyozidi kunisumbua. Mimi natembea, aliyenibeba amelala. Majirani walikuwa wamemwambia mgongo umevunjika, asisogee, naye akaamini. Nilipofika hali ya kutembea bila fimbo, bado niliibeba kwapani. Nikikaribia parsele yao, kiwanja cha nyumba yao, naishika, nachechemea. Sikutaka waone nimepona. Mara nyingi sikuingia hata kusalimia; napita tu, macho chini.

Asubuhi moja, sikujua kwamba ameomba atolewe nje aote jua. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na ua, akaniona tangu mbali.

"Shemeji," akaita. "Kule ulikuwa unatembea muzuri. Kufika hapa, unachechemea. Ni juu ya nini?"

Niliweka fimbo chini. Nikasema, "Naona haya. Uliumia juu yangu."

"Mi nilizani umenichoka," akasema. "Kila siku nasikia unapita kwa barabara, hauingie." Alifuta uso kwa kiganja. "Kama mguu imepona, bon, unipeleke ile fasi ulipona."

Tulienda kwa toleka ikisukumwa polepole, nami kando amenishika bega, tunapumzika njiani. Mama wa kine alimgusa miguu, akamwambia asukume kwa nguvu, akauliza kama anasikia vidole, kama anakojoa vizuri. Akamtuma kwanza kwa daktari. Daktari akasema hakuna kilichovunjika.

"Ni misuli iliumia," mama akamweleza tuliporudi. "Kulala sana kumeikaza zaidi. Utembee kidogo kila siku."

"Na ikiuma?"

"Ikiuma kidogo, uende polepole. Mguu ukikosa nguvu ao ukifa ganzi, urudi hapa palepale."

Akamfundisha kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno. Basi kila asubuhi nilikuwa kwake. Mwanzo tulifika tu nyumba ya jirani. Siku nyingine alikasirika akaniambia nimwache, nikakaa naye kando ya barabara mpaka hasira ikapita.

Leo amerudi mtoni. Anasuka mitego. Lakini kusimamisha miti, kazi aliyoipenda kuliko zote, hawezi tena. Nikishuka majini na mtu mwingine, namwona pale juu ya mawe anatutazama, nami najilaumu tena. Ananiambia niache kujitesa. Sijaweza, na siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme nimeweza.

Namshukuru dada yangu, aliyenilisha wakati bwana yake anaumia. Namshukuru mama wa kine. Shemeji, wewe nakushukuru mbele ya watu wote hawa.

Na ninyi ndugu zangu, kama kuna mtu aliumia kwa ajili yako, usimkimbie kwa sababu ya haya. Haya yako haimsaidii kitu; yeye anaona tu kwamba haupo. Ingia, keti, umwulize anataka nini.

Sisi wawili tunatembea kila asubuhi kutoka hapa kanisani. Yeyote anayeumwa mgongo, aje. Tutakwenda kwa mwendo wake.