Ndoo ya Samosa

Foleni ya basi la Dagoretti Corner ilikuwa haisongi, na Lornah hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mbele yake mama mmoja alikuwa amekumbatia ndoo ya samosa za sherehe ya dadake huko Satellite. Mzee aliyekuwa mbele ya mama huyo akageuka. "Mama, sherehe bila mutura ni mkutano."

"Matumbo ya kuchoma ni ya kando ya barabara, mzee. Wageni wetu wanaanza na samosa."

"Mimi siwezi bishana na kitu sijaonja."

Mama akafunua ndoo kwa hasira. Mzee akala moja polepole. "Hiyo nimekula na njaa. Ya kuamua ni ya pili." Ya pili ikashuka, ya tatu ikafuata, na bado hakuamua.

Mama akamgeukia Lornah. "Onja, dada, umwambie ukweli."

Lornah akaonja. Ilikuwa tamu ajabu. Mutura hajawahi kuipenda maishani, lakini alimtazama mama machoni akasema, "Mimi bado niko upande wa mutura." Akapewa nyingine ya kumgeuza. Hapo hapo foleni nzima nyuma yake ikaanza kuisifu mutura.

Basi lilipofika, mama alipanda ndoo ikining'inia kwa kidole kimoja, simu sikioni akimpigia dadake. "Emmah, wageni wakifika, waanze na soda."