Namba ya Kalenga Inaanzia Wapi

Benchi la nje ya duka la mshonaji, hapo Kamalondo, lina miguu mitatu na tofali, na Jumapili ile lilibeba watu watatu waliochoka kulishinda. Kalenga alikaa katikati. Mkewe Madeleine alikuwa hospitali ya kiwanda wiki ya sita, waume huingia Jumapili tu, na mlinzi hamruhusu mume kupita bila kutaja namba yake ya kazi, kwa jaribio moja, bila kukosea. Kadi yake ya kazi ilichukuliwa serikali ilipoamuru watu wabadilishe majina, haikurudi. Amebaki na jeton, kipande cha chuma cha kuchukulia taa ya mgodini, cha duara, tarakimu sita zimegongwa kuzunguka ukingo. Inaanzia wapi? Miaka kumi na minane aliitundika kwenye msumari bila kuisoma, shule hakuiona. Alishajaribu mianzo mitano, kila Jumapili mmoja, akafukuzwa mara tano. Umebaki mmoja, 714285. Saa ya kuona wagonjwa imeshaanza, naye yupo hapa anakunywa kahawa ya Mama Agnès, muuzaji wa kando ya duka.

Mumba, anayeitwa Chaki kwa sababu aliwahi kufundisha, aliandika kwa mkaa kwenye benchi.

— Kamata tarakimu za jeton yako, 142857. Zidisha na mbili: 285714. Na tatu: 428571. Beko balebale, banabadilisha paka kiti tu!

— Na ine? aliuliza Chola. Huyu ni Radio, maana hazimiki.

— 571428. Tano, 714285. Sita, 857142.

— Donc, basi, ule ingénieur mwenye kugonga jeton alijua! Unaongeza kazi mara mbili, mara tatu, unarudia palepale. Njo maisha yetu, sha.

— Ngoja. Na saba: 999999.

Radio akatazama huku na huku asije akawa karibu mtu wa Chama tawala wa kupeleka maneno.

— Tisa paka tisa! Njo siku yenye bantu bote batakuwa sawa. Banaificha mu jeton ya Kalenga!

Kalenga alichoka na miujiza hiyo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Wakiukataa na mwanzo huu wa sita, hatakuwa na namba nyingine ya kwenda nayo.

— Chaki, kama iko namba moja, juu ya nini habakunifungulia na ya kwanza?

Chaki akakohoa.

— Ile haiko calcul, haiko mambo ya hesabu, baba.

Akaja mwanamke aliyebeba bahasha ya dawa, anatembea polepole.

— Njo weye Kalenga? Miye Delphine. Nilikuwa kitanda cha pembeni ya Madeleine, balinifungua nirudi nyumbani leo asubuhi. Ananituma. Siku za Mungu tano, kila Jumapili, anaangalia mulango, bwana yake hakukuya. Anauliza kama uko muzima.

Chaki alianza kufuta hesabu kwa kiganja. Kalenga alitaka kujibu kwamba ni mzima, ila mtu mzima saa hii angekuwa getini.